Mashine ya Majani Imekosa Cheche: Usimkimbilie Muuza Bobini

Mvua za kwanza zikishuka Likasi, Oktoba ikiisha au Novemba ikianza, majani hayaombi ruhusa. Juma hili ua ni vumbi jekundu. Baada ya majuma machache kuku akiingia humo unamtafuta kwa sauti. Ndipo tondezi, ile mashine ya kukatia majani iliyosukumwa nyuma ya nyumba tangu Mei, inapoburutwa nje, inapanguswa, inatiwa esansi, na kamba inavutwa. Inavutwa tena. Inavutwa mpaka shati linashikana na mgongo, na motere inajibu kwa pumzi tupu: fuu, fuu, fuu.

Kinachofuata kinajulikana katika kila ua, kuanzia nyumba za zamani za kampuni kule Panda hadi viwanja vilivyobanana vya Kikula. Washauri wanakuja bila kuitwa. Mmoja anasema motere imekunywa esansi kupita kiasi. Mwingine anailaumu esansi yenyewe, kwamba kadhafi, muuza esansi wa pale kona, ameitia maji. Wa tatu hasemi kitu, anapiga gurudumu teke. Mwishowe anafika mwenye ufunguo mfukoni, anainama, anashika waya mnene wa buji, anatikisa kichwa taratibu, na hukumu inatoka: "Papa, bobini ilikufaka. Tutie ya mupya."

Papa analipa. Bobini mpya inafungwa, kamba inavutwa, na motere inasema vilevile: fuu, fuu, fuu. Sasa papa ana bobini mbili nzima, hana hela, na majani yameongezeka.

Mwongozo huu ni wa kumtetea papa huyo. Unamtetea na bobini pia, kwa sababu katika motere ndogo hakuna kitu kinachosingiziwa kama hicho. Kazi ya kutafuta cheche ina utaratibu wake: unaanza na kilicho nje, rahisi na cha bei ndogo, unaingia ndani polepole, na bobini unaifikia mwisho. Anayeanza na bobini ameanza safari ya Lubumbashi kwa kuelekea Kolwezi.

Kofia ya buji itoke kwanza

Kabla ya lolote, kabla hata ya kupindua mashine kutazama chini, chomoa kofia ya buji (plagi ya cheche) na uiweke mbali na buji. Usiseme "si haina cheche". Motere hii haina betri ya kuchomoa, na swichi au waya mwingine hauwezi kukuhakikishia usalama. Kisu kimefungwa kwenye mhimili uleule unaozungusha motere. Ukikisukuma kwa mkono ili kutoa majani yaliyoganda, unaizungusha motere nzima, sumaku inapita mbele ya bobini, na cheche ambayo asubuhi yote ilikataa inaweza kutoka wakati huohuo. Vidole vilivyopotea namna hiyo vimepotea kwenye mashine zilizodhaniwa zimekufa.

Na mtoto anayependa kutazama akae mbali. Awe na hamu ya ufundi, vizuri, aje asimame nyuma ya mgongo wako.

Hakikisha kwamba kesi ni ya cheche

Motere hudai mambo matatu: esansi na hewa, mgandamizo, na cheche. Watu wengi huhukumu kwamba cheche haipo bila kuitafuta. Fungua buji baada ya kuvuta kamba mara kadhaa, uitazame mdomo. Ikiwa imekauka kabisa, kesi yako huenda ni ya karburatere au ya tangi, na haya yote unayosoma yatakusubiri. Ikiwa imelowa na kunuka esansi, basi chakula kinafika na moto haufiki. Endelea.

Peleka mashine kivulini. Hili si la mapambo: kwenye jua la saa sita za mchana hapa kwetu, cheche nzuri kabisa haionekani, na bobini nyingi zimehukumiwa kifo kwa sababu ya jua. Ziba tundu la buji kwa tambara kavu, maana mvuke wa esansi unaotoka humo na cheche unayoitafuta havipaswi kukutana usoni pako. Futa esansi iliyomwagika. Rudisha buji ndani ya kofia yake, kisha ulaze uzi wake wa chuma juu ya chuma kitupu cha motere, mbali na tundu. Nimesema chuma kitupu. Ukiigusisha buji kwenye rangi nyekundu ya kifuniko, umeme hauna njia ya kurudi, hutaona kitu, na utaamini umepata ushahidi.

Halafu mpini. Tondezi za kusukuma nyingi zina mpini mwembamba wa usalama ulio sambamba na ule wa kusukumia. Usipobanwa, breki inaishika motere na cheche imezimwa kwa makusudi. Ukipima peke yako, mkono mmoja kwenye kamba na mwingine kwenye buji, mpini haujabanwa na mtu, na unapima mashine iliyoamriwa kuzima. Hapa washauri wanapata kazi: mmoja abane mpini na asiuachie, mmoja avute kamba kwa nguvu na kwa mfululizo, wa tatu atazame. Aliyepiga teke gurudumu avute kamba, nguvu anazo.

Cheche nzima ni ya buluu na inasikika, ta, ta, ta, kila sumaku ipitapo. Ya manjano, nyembamba, inayotokea mara moja na kunyamaza, ni mgonjwa. Isipotokea kabisa, kesi ni ya cheche kweli.

Mambo mawili usiyafanye. Usishike buji wala waya wake kwa vidole wakati kamba inavutwa. Umeme huo unazidi volti 10,000, na hata kama hautakuua utakurusha mkono kwenye chuma chenye makali. Na usivute kamba huku kofia ikining'inia hewani bila buji: umeme usiopata njia ya nje huitafuta ndani ya bobini, na unaweza kuitoboa ngozi yake. Hivyo ndivyo mtu anavyoiua bobini aliyokuja kuipima.

Buji

Buji isikuchukulie muda mrefu. Tia nyingine unayojua inafanya kazi, upime tena. Cheche ikija, umemaliza. Ufunguo wa 21 unafungua buji za motere nyingi za aina hii. Usitumie koleo, kwa sababu koleo hupasua kaure nyeupe, na ufa mwembamba kama unywele unatosha kupotezea umeme njiani.

Nafasi kati ya ncha mbili za buji, kwa motere nyingi za Briggs & Stratton, ni 0.76 mm. Wasio na vipimio vyembamba vya chuma wanabahatisha kwa jicho, lakini kadi ya benki ya kawaida ina unene huohuo wa 0.76 mm. Pembe yake ikipita kati ya ncha kwa kugusa kidogo, nafasi ni sawa. Fanya hivyo buji ikiwa mezani, mbali na mashine, kwa sababu ndani ya mashine kuna sumaku na kadi yako ina utepe ambao sumaku inaweza kuufuta.

Buji mpya nayo ipime. Kufungwa ndani ya kijisanduku kizuri hakuithibitishi.

Kofia na waya mnene vinafuata. Vuta kofia taratibu uone kama imeshika waya au imebaki ngozi tupu. Angalia ndani yake kijispringi cha chuma, kikiwa kimeota kutu kisugue. Kisha pitisha macho kwenye waya wote hadi unapoingia ndani ya motere. Mashine iliyolala ghalani kuanzia Mei hadi Oktoba imelala na panya, na panya hawabagui kati ya muhogo na mpira wa waya.

Waya mwembamba usiopewa heshima

Hapa ndipo ningependa usimame kwa muda, maana hapa ndipo bobini nyingi zinaposingiziwa.

Ili uelewe, tazama kinachotokea chini ya kifuniko. Juu ya mhimili kuna gurudumu zito, mafundi wa hapa wanaliita volani, lenye sumaku zilizopachikwa ubavuni. Pembeni yake, karibu sana lakini bila kugusana, imesimama bobini: mafungu mawili ya waya wa shaba yaliyozungushwa kwenye kipande cha chuma, la kwanza la mizunguko michache ya waya mnene kiasi, la pili la maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Sumaku ikipita, umeme unazaliwa katika fungu la kwanza. Kwa wakati uliopangwa, kifaa kidogo cha elektroniki kinaukata ghafla, na mshtuko wa kukatika huko unazaa katika fungu la pili umeme wa volti nyingi unaoruka kwenye ncha za buji. Michael Faraday alionyesha msingi wa jambo hili mwaka 1831. Mitambo ya Mwadingusha, inayozungushwa na maji ya Lufira tangu 1930, inatoa umeme kwa msingi huohuo, sumaku na shaba vikipishana. Anayejua kwa nini Mwadingusha inahitaji mzunguko ili itoe umeme anajua pia kwa nini kamba yako lazima ivutwe kwa nguvu: sumaku ikipita polepole, umeme hautoshi kuruka.

Sasa, motere ya namna hii inazimwaje? Haina betri ya kukatiwa. Inazimwa kwa kuuelekeza umeme wa fungu la kwanza ardhini, yaani kwenye mwili wa motere, kwa waya mmoja mwembamba unaotoka kwenye bobini hadi kwenye swichi. Waya huo ukigusa chuma, cheche inakufa. Ukiachana na chuma, cheche inarudi. Ni kinyume cha swichi ya taa nyumbani, ambapo waya ukikatika taa inazimika. Hapa waya ukikatika motere inawaka bila shida, ila haizimiki. Na waya ukichubuka mahali popote njiani ukagusa chuma, motere inabaki imezimwa siku zote, mpini ubanwe usibanwe.

Kwa hiyo kipimo kinachookoa hela ni hiki. Buji ikiwa bado nje, fungua kifuniko cha juu, fuata bobini hadi uone kijiwaya chembamba kilichochomekwa kwenye ulimi mdogo wa chuma. Kichomoe. Kikunje kando kisiguse kitu. Pima cheche tena kama mwanzo, kivulini, mpini umebanwa ili breki iachie. Ikitoka ya buluu, bobini haina hatia. Mkosaji ni waya, swichi au kebo ya mpini, na bei ya kosa lake kwa kawaida ni utepe wa kufungia nyaya na uvumilivu.

Waya huumia mahali panapojulikana: chini ya boliti ya kifuniko ulipobanwa na mtu aliyefunga kwa haraka, karibu na kipozeo ulipolegea ukasuguliwa na mtikisiko, kwenye ulimi wa swichi uliopindwa ukakaa ukigusana na chuma. Na mara nyingi waya mwenyewe ni mzima, kosa liko kwenye kebo. Kebo ya mpini hurefuka kwa umri. Unabana mpini mpaka mwisho, unaamini umetoa amri, lakini kule chini mkono wa breki umesogea nusu ya safari tu na swichi haijaachia. Tazama kwa macho yako: mwenzako abane mpini, wewe uangalie mkono huo. Usiposogea hadi mwisho, kaza kebo au sogeza kishikio chake.

Kuna dawa ya barabarani ninayoikataa waziwazi. Vijana wanaokata majani kutoka ua mmoja hadi mwingine huufunga mpini kwa kipande cha mpira wa ndani wa tairi, ubaki umebanwa siku nzima, au huchomoa ule waya mwembamba na kuuacha hivyo. Motere inawaka, kazi inaendelea, na mwenye mashine anafurahi. Mpini huo haukuwekwa ili kuwasumbua. Marekani, mashine za kusukuma zilizotengenezwa baada ya tarehe 30 Juni 1982 zinadaiwa kwa kanuni kisu kisimame ndani ya sekunde 3 mtu akiachia mpini, kwa sababu anayeteleza kwenye majani mabichi huachia mpini kabla ya kitu kingine chochote. Nyasi za Likasi mwezi wa Januari zinateleza. Kijana anayevaa kandambili nyuma ya kisu kilichofungwa kwa mpira hana sekunde hata moja. Rudisha waya, tengeneza kebo, ndipo ukate.

Kwa jirani mwenye groupe

Neno hili ni nje ya majani kidogo, lakini linahusu cheche ileile na ua uleule. Umeme wa SNEL unakatika, jirani anaivuta kamba ya groupe, yaani jenereta yake, haiwaki, na hukumu ya bobini inatolewa kwake pia, tena usiku, kwa tochi.

Motere nyingi za groupe, kama Honda GX160 zenye ulinzi wa oili na zile za Kichina zilizojengwa kwa umbo hilo, zina kijielea ndani ya chemba ya oili. Oili ikipungua, kijielea kinashuka na kufanya kazi ileile ya waya mwembamba: kinapeleka umeme wa bobini kwenye chuma. Hakuna oili, hakuna cheche. Ni ulinzi wa motere isijichome yenyewe. GX160 inahitaji kama lita 0.6 tu za oili, kwa hiyo kidogo kinachovuja kinatosha kuizima. Na groupe iliyowekwa kwenye mteremko wa ua, oili ikikimbilia upande mmoja, inaweza kuzimika ikiwa na oili ya kutosha. Iweke sawa, pima oili, ongeza, vuta. Nyumba ngapi zimelala gizani huku bobini mpya ikisubiriwa kutoka mjini, na dawa ilikuwa kopo la oili!

Chini ya kifuniko

Ikiwa umechomoa waya mwembamba na bado hakuna cheche, sasa una haki ya kuisogelea bobini. Polepole.

Kwanza safisha. Chini ya kifuniko utakuta majani makavu, vumbi, pengine kiota cha panya. Kisha tazama uso wa sumaku kwenye volani na miguu ya chuma ya bobini inayoielekea. Kutu nyekundu ikitanda pande zote mbili inaharibu ile nafasi ndogo kati yake, na umeme unadhoofika. Msasa mwembamba na mkono mwepesi vinatosha. Sugua mpaka chuma king'ae, futa unga wote. Jaribu sumaku kwa bisibisi: ikiletwa karibu, inapaswa kuvutwa waziwazi.

Nafasi yenyewe ni ndogo. Kwa motere nyingi za Briggs & Stratton za tondezi ni kati ya 0.25 na 0.36 mm, na kadi ya karatasi ngumu, ile ya kugawia anwani na namba ya simu, inakaribia sana unene huo. Legeza boliti mbili za bobini, zungusha volani sumaku ije mbele yake, weka kadi katikati, acha sumaku iivute bobini yenyewe ibane kadi, kaza boliti, kisha zungusha volani kadi itoke. Usitumie kadi ya mpiga kura. Ni kitambulisho chako, na kuirudia ofisini kwa sababu imeliwa na volani ni aibu ambayo nisingemtakia mtu. Ya benki nayo ni nene mno kwa kazi hii, na nimeshasema kuhusu sumaku.

Kama kisu kimewahi kugonga jiwe, kisiki au kipande cha chuma kilichofukiwa, na katika mji uliojengwa kwa viwanda vya madini vipande hivyo havikosekani ardhini, tazama klaveti. Ni kijipande kidogo cha chuma laini kinachoshika volani mahali pake kwenye mhimili. Kimefanywa laini makusudi, kikubali kuumia badala ya mhimili. Kikikatika nusu, volani inahama kidogo, na cheche inatoka kwa wakati usio wake: utaiona ya buluu kabisa kwenye kipimo, lakini motere haiwaki, au inarudisha kamba kwa nguvu na kukuumiza vidole. Anayesema "cheche iko, motere imekufa" huenda hajaiona klaveti. Badilisha klaveti, bei yake ni ndogo. Usichonge nyingine kutoka msumari. Msumari haukatiki, na mgongano unaofuata utaupinda mhimili.

Mashine za zamani, zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1980, zina platini na kondensa chini ya volani badala ya elektroniki. Briggs & Stratton ilianza kutumia mfumo wake wa elektroniki, Magnetron, mwaka 1982. Ukikuta platini, zifute kwa karatasi safi, zipime nafasi ya 0.5 mm zinapofunguka, na utashangaa mashine ya babu inavyowaka.

Bobini, sasa

Sasa ndiyo zamu yake. Ikiwa buji ni nzima, kofia ni nzima, waya mwembamba umechomolewa, kutu imeondoka, nafasi imepimwa, na kivulini hakuna kitu, bobini imekufa. Ukiwa na kipimio cha umeme, pima kati ya waya mnene na chuma cha bobini: nzima kwa kawaida huonyesha ohm elfu kadhaa, isiyoonyesha kitu imekatika ndani. Ila kipimio hakioni elektroniki, kwa hiyo namba nzuri haithibitishi kwamba bobini ni nzima.

Kuna bobini moja inayowachanganya hata mafundi wazuri. Asubuhi inawaka, inakata nusu ya ua, ikishapata joto inazimika na cheche haipo. Wakati wanakula ugali inapoa, fundi anafika, anavuta mara moja, inawaka, na mwenye mashine anaonekana mzushi. Hii ni mbovu kweli. Joto linatanua kilichopasuka ndani. Ipime ikiwa moto, mara tu inapozimika, na ukweli utaonekana.

Ukienda kununua, usiende na maneno "bobini ya tondezi". Nenda na ile ya zamani mkononi na namba zilizopigwa kwenye kifuniko cha motere; kwa Briggs & Stratton ni mfululizo wa namba tatu: modeli, aina na msimbo (code). Ziandike. Muuzaji atakuambia "iko orijini, papa", iwe imepita mpaka wa Kasumbalesa au njia nyingine, na hilo halina msaada kama miguu yake haifiki kwenye boliti zako. Linganisha nafasi ya boliti, urefu wa waya, upande wa ulimi wa waya mwembamba. Vipuri vya umeme havirudishwi dukani kirahisi.

Na hapa nina uchungu wangu. Shaba inachimbwa na kusafishwa kwetu, kiwanda cha Shituru kipo, moshi wake tunaujua. Inaondoka kwa malori, na vipande vyake vidogo vinarudi vimefungwa ndani ya plastiki nyeusi, tunavinunua kwa dola. Kuzitupa bobini nzima kwa uvivu wa kufuata waya ni kulipa mara mbili kwa kitu kilichotoka ardhini mwetu.

Kuhusu fundi

Nisimwonee fundi wa ufunguo mfukoni. Anasema bobini imekufa kwa sababu ya namna tunavyomlipa. Akibadilisha kipuri, tunaona kipuri, tunatoa hela. Akikaa kwenye kigoda, akafuata waya kwa vidole, akakuta mahali ulipochubuka chini ya boliti, akaufunga utepe na motere ikawaka, tunamwambia "lakini hukuweka kitu", tunampa soda. Kesho kwa mteja mwingine ataweka kitu.

Likasi haikosi watu wa kutafuta kosa. Mwaka 2003 na uliofuata, kampuni ya migodi ya Gécamines iliwaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango wa kuondoka kwa hiari uliolipiwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na miji yetu ya migodi ikajaa mafundi umeme na mafundi mitambo waliofunzwa kufuata kosa hatua kwa hatua, kwenye mashine ambazo kuzibahatisha kuliweza kuua mtu. Wengi wao ni wazee sasa. Wanaojifunza kwao wanajifunza pia kama elimu hiyo inalipa au hailipi.

Kwa hiyo, papa, mama, yaya unayesoma haya ukiwa na tondezi iliyonyamaza: patana na fundi kabla hajagusa skrubu. Hela ya kutazama iwe yake, kosa liwe kubwa au dogo. Hela ya kipuri ijulikane baadaye, kipuri kikihitajika. Mwambie aanze na buji, aende kwenye waya mwembamba, bobini iwe mwisho, na umwachie nafasi kivulini. Akikuonyesha waya wenye jeraha na motere ikawaka, mlipe siku hiyohiyo, kamili, kabla majani hayajakatwa.